Kesho ya gereji haina tarehe

Jamani, leo naomba niwaudhi mafundi magari. Najua baadhi yenu mnasoma hapa kwenye simu huku mmelala chini ya Noah ya mtu. Someni tu. Nimesikiliza habari za "kesho" kwa miezi kumi na minne, sasa na mimi ni zamu yangu kusema.

Hoja yangu ni fupi. Mafundi wa Tanga hawajakosa ujuzi. Wengi wao wanaendesha gereji kwa hela ya mteja wa leo ili wamalize gari la mteja wa mwezi uliopita, halafu deni hilo wanalifunika kwa uongo. Ukishaelewa hapo, utaelewa kila kitu kinachotokea gereji: simu isiyopokelewa, spea zilizokwama Segera, msiba wa shangazi, na gari lako lililovuliwa milango yote ili usiweze kuliondoa.

Nianze na mali yenyewe. Baba yangu ana Land Rover 109, Series III, ya mwaka 1978. Alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge huku kwetu, na mashamba yalipokuwa yanabinafsishwa miaka ya 1990, magari chakavu yakapigwa mnada, akalinunua lile lile alilokuwa akiliendesha. Limebeba mihogo, machungwa ya Muheza, maiti, maharusi na ada zangu za shule. Tangu 2009 limekaa chini ya mwembe. Sasa mzee ana miaka 74, sukari inamla macho taratibu, na mwaka jana alisema kitu kimoja tu: anataka kulipeleka mwenyewe Pangani mara moja kabla macho hayajafunga. Hakuomba simu mpya wala safari ya Dar. Kwa hiyo mnaoniambia "si ununue IST tu uachane na hilo chuma," asanteni, lakini hamjaelewa.

Gari lenyewe linatengenezeka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na bodi zao zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Ndiyo maana utazikuta hadi leo bodi ziko imara huku chini kumeoza. Chasisi ni chuma, tena ni boksi, ndani kuna uwazi. Tope linaingia, linakaa, unyevu wa bahari unafanya kazi yake, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Unapaka rangi nje, linang'aa, ndani ni biskuti. Na pale alumini inapogusana na chuma huku kuna maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo mtu wa Raskazone au Pangani anayefufua gari la namna hii hana anasa ya kusubiri. Kila mwezi linalokaa uwanjani bila dawa na bila rangi, limevuliwa, ni mwezi wa kutu. Fundi anajua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha!

Tulikubaliana hivi: kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya za saizi kubwa, kuchomelea chasisi sehemu nne, breki zote, na kufungua gia boksi kuangalia beringi. Jumla shilingi 2,600,000, miezi mitatu, kianzio 1,400,000. Kwa mwandishi anayelipwa kwa stori, na stori moja haijazi lita tano za petroli, 1,400,000 ni vikao vingi sana vya baraza la madiwani. Nililipa siku hiyo hiyo.

Kilichofuata mnakijua, maana kila niliyemsimulia amenikatiza katikati akaanza kusimulia cha kwake. Spea ziko njiani kutoka Gerezani. Mchomeleaji kafiwa. Umeme. Kijana kasafiri na funguo za kontena. Mfungo, bosi, mwili hauna nguvu. Idi imeingia. Siku moja nampigia saa nne asubuhi ananiambia, "Mwandishi, nipo kwenye foleni, nakaribia." Foleni. Tanga! Mji ambao ukisubiri magari matatu kwenye mzunguko unampigia mtu simu kumhadithia.

Hebu tuache utani, tuangalie hesabu. Mteja wa kwanza analeta gari, anatoa kianzio 500,000. Siku hiyo fundi anadaiwa kodi ya uwanja, ada ya mtoto, na beringi za mteja aliyetangulia ambaye sasa amekuja na mjomba wake polisi. Kianzio kinakwenda huko. Gari la mteja wa kwanza sasa halina hela ya spea, kwa hiyo lazima apatikane mteja wa pili. Ndiyo maana fundi HAKATAI kazi hata siku moja, hata uwanja ukiwa umejaa. Hakuna gereji utakayoambiwa "rudi baada ya wiki tatu, nimejaa." Na ndiyo maana akilipokea gari lako analifumua siku hiyo hiyo. Mnadhani ni bidii? Gari lililofumuliwa haliwezi kwenda kwa fundi mwingine. Mwisho anayepata gari lake kwanza ni yule mwenye kelele kuliko wote au mwenye cheo. Mpole aliyelipa mapema ndiye anayemkopesha kila mtu uwanjani bila kujua.

Ukishakosekana mtaji, kinachofuata ni kukopa spea kutoka gari moja kwenda jingine. "Kukopa" ndilo neno lao. Jenereta ya umeme ya hili inavaliwa na lile kwa muda, kabureta ya lile inaondoka na mteja mwenye haraka. Hakuna anayeandika. Baada ya mwaka mmoja hata fundi mwenyewe, mkimweka kwenye kiapo, hawezi kukwambia kilicho chako ni kipi.

Langu lilipofika mwezi wa kumi na moja nikaambiwa injini imeisha, silinda zimechongwa, pistoni mpya zimeingia, bado 400,000 ya kumalizia. Nikaomba pistoni za zamani. Zimetupwa. Nikaomba risiti ya aliyechonga. Atanitafutia. Nikaomba kuondoka na gari kwa kulivuta, na baada ya mabishano ya siku tatu na shilingi 150,000 "ya uwanja" tukalivuta mpaka nyumbani. Nikamwita mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi karakana ya shamba enzi za baba. Shikamoo, marahaba, akaomba chai, akafungua silinda hedi kwa spana zake mwenyewe. Injini hii ya petroli ya 2,286 cc, kipenyo cha silinda yake ya kiwandani ni milimita 90.47. Pistoni ya saizi kubwa hugongwa alama juu ya kichwa chake. Zetu hazikuwa na alama yoyote. Zilikuwa na masizi ya miaka thelathini, yamekauka kama ukoko. Hakuna aliyezigusa.

Mzee akanyamaza, akafuta mikono, akaniuliza kama nina namba ya gia boksi. Baba anayo, kwenye daftari lake la gari, pamoja na namba za injini na chasisi, kwa mwandiko wa mwaka alioununua mkweche wake. Tukasugua kutu, tukasoma. Gia boksi iliyomo si yetu.

Baba alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti. Hakusema kitu. Akaomba nimsomee ile namba tena.

Sasa hapa ndipo watu wanaponiambia, "Mdogo wangu, ndivyo walivyo, maisha magumu." Hapana. Naikataa hiyo. Fundi baiskeli wa Barabara ya 12 ni maskini kuliko mwenye gereji, hana uwanja, hana kontena, ana mwamvuli na beseni la maji. Ukimpelekea baiskeli asubuhi anakwambia njoo adhuhuri, na adhuhuri ipo, na sproketi ya zamani amekuwekea kwenye karatasi. Mji huu unaishi kwa baiskeli, na umaskini haujawafanya hao waibe mnyororo.

Wengine wanasingizia historia. Wanasema mafundi wetu wamelelewa kwenye shida, miaka ya mwanzo ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, spea hakuna, mtu anakata gasketi kwa boksi la sabuni na gari linafika Lushoto. Kweli kabisa, na nawavulia kofia. Lakini yule mzee wangu mstaafu ni wa enzi hizo hizo! Ananiambia kwenye karakana yao kila gari lililoingia lilikuwa na kadi ya kazi: tarehe, tatizo, kilichotolewa, kilichowekwa, saini. Na stoo haikutoi beringi mpya mpaka uirudishe ya zamani mkononi. Kipindi hicho cha shida ndicho kilichokuwa na karatasi. Leo spea zimejaa, simu ya kila kijana ina kamera, na kadi ya kazi haipo popote. Tumebaki na ujanja wa miaka ya themanini bila utaratibu wake.

Halafu kuna hii inayonichosha kuliko zote: ukiomba tuandikiane, fundi ananuna. "Bosi, huniamini?" Sisi watu wa pwani tuna aibu ya ajabu kwenye jambo hili, na sijui imetoka wapi. Mahari tunaandika. Mzigo wa jahazi unahesabiwa gunia kwa gunia. Duka la mtaani lina daftari la mkopo ambalo hata imamu yumo. Ila gari la shilingi milioni kadhaa tunalikabidhi kwa "usijali, kaka"!

Tuwatendee haki pia. Wateja wabaya wapo, tena wengi. Kuna magari yametelekezwa gereji miaka mitano, mwenyewe kahamia Mwanza. Kuna mkubwa anatengenezewa Prado, anaondoka nayo Ijumaa "kuijaribu," harudi. Fundi anayelipwa hivyo lazima atafute pa kufidia. Lakini sheria haijamwacha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo imerithi mengi kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, inampa aliyekifanyia kazi kitu cha mtu haki ya kukishikilia mpaka alipwe. Sheria hiyo hiyo inamtaka akitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake. Na mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, msidanganywe. Madai ya mkataba yana miaka sita kabla ya kupitwa na muda. Kwa hiyo fundi mwenye deni ana kinga. Mteja aliyebadilishiwa gia boksi naye anayo, akiwa na ushahidi. Baba alikuwa na daftari.

VETA wana chuo hapa hapa Tanga, na wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Jambo zuri. Lakini nimeona cheti kimetundikwa kwenye gereji na chini yake hakuna hata daftari la kupokelea magari. Tunapima kama anaweza kufungua difu. Nani anampima kama anaweza kumwambia mteja "sitaweza mwezi huu"? Mnaolalamikia gereji bubu mjue kwamba hii yangu haikuwa bubu. Ina bango, ina leseni ukutani, ina kalenda.

Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, zikaja kwa mamia, na tangu hapo kila mwenye mkweche nyuma ya nyumba anauliza bei ya kuufufua. Kazi inakuja, jamani. Korogwe, Muheza, Pangani, mashamba ya mkonge yameacha magari haya kila kona. Mafundi wa Tanga wangeweza kuwa ndio wa kwenda kwao. Kinachotakiwa ni karatasi moja: gari limeingia na nini, hela ya spea ni kiasi gani na risiti yake hii hapa, ya ufundi inalipwa kazi ikiisha, spea za zamani zinarudi kwa mwenyewe. Gereji ya kwanza kufanya hivyo nitaiandika bure, kwa jina, na picha ya mwenye nayo akicheka.

Yangu siitaji kwa sasa, kwa sababu nimewapa nafasi. Jumatatu nilipeleka barua ya madai, kurasa mbili, ina namba ya gia boksi ya baba na namba ya iliyomo, ina tarehe za malipo yote. Kijana wa pale akasaini nakala yangu. Jioni fundi akapiga, mara ya kwanza katika miezi minne kunipigia yeye. "Mwandishi, sasa barua ya nini tena? Si ungenipigia tu tukaongea." Akasema gia boksi anayo, iko mahali, ataileta. Nikamuuliza lini.

Nimempa siku kumi na nne. Zikiisha nafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Wakati huo yule mzee mstaafu anaendelea na silinda, anakuja Jumamosi na Jumapili, analipwa kwa siku, na ameninunulia daftari la kurasa 96 la kuandika anachotoa na anachoweka.