Gavana Mpya, Karani Yuleyule
Kila gavana mpya anapoapishwa, minong'ono huanza katika ofisi za kaunti: fulani ni mtu wa nani? Mkuu wa idara anafungua kikao kwa Kiswahili, mara anawageukia watu wake kwa lugha ya mama, na karani wa kabila jingine anabaki kuinamia daftari lake. Ubaguzi umeshaanza hapo, kabla hata barua ya uhamisho haijaandikwa. Sheria tunazo. Ile ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyotokana na machungu ya ghasia za uchaguzi, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Ile ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini wapewe wasio wa kabila kubwa la kaunti. Hazitasaidia kitu iwapo mkubwa wa ofisi haoni vibaya kumtenga mtu mbele ya wenzake. Wakuu wa idara, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, andikeni vigezo vya kupandisha watu vyeo, mvibandike ukutani, na vikao viendesheni kwa lugha inayoeleweka na wote waliomo.