Kijana anataka kwenda peke yake

Mama mmoja wa Chumbageni ana kijana wa miaka 15 anayetaka kushindana na ngalawa peke yake, bila wenzake. Mama akakataa. Baba akasema mwache akue. Wiki nzima chakula kililiwa kimyakimya, mpaka akaitwa mjomba, mvuvi wa miaka mingi.

Mjomba hakuamua kesi. Alimchukua mpwawe pwani asubuhi, kabla upepo haujakaza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, demani utaishikaje?"

Kijana akaifunga kamba ile kwenye ubao, mkono mmoja upumzike na mwingine ushike usukani. Mjomba akaifungua. Demani ndiyo inayolizuia tanga lisikimbie na upepo. Ukiilegeza, tanga linapepea na nguvu zinaisha. Ukiifunga, upepo wa ghafla ukija tengo la upande wa pili linazama, na ngalawa inaweza kupinduka wakati wewe bado unahangaika na fundo. Watu wakiwa watatu, mmoja hupanda kwenye mti wa tengo upande unakotoka upepo, akaweka uzito. Aliye peke yake ana kilo zake tu na mkono wake.

Hata mwendo uko kwenye mkono huo huo. Vijana hudhani kukaza sana ndiyo kasi. Kumbe unavuta mpaka ukingo wa mbele wa tanga uache kutikisika, basi. Likikazwa mno, linasukuma chombo ubavuni badala ya mbele.

Kazi ngumu ni kugeuza. Foromali inabidi ipitishwe mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na wakati huo usukani unataka mtu. Ndiyo maana mjomba alimpa tanga dogo, na kugeuza wanafanyia ndani ya ghuba, si nje kwenye mawimbi ya kusi.

Kisha akampindua makusudi. Kijana akaanza kuogelea kuelekea ufukweni, akaitwa arudi: gogo la mti linaelea, usiliache. (Baba, ikabainika siku hiyo, hajui kuogelea kabisa.)

Mama ametoa masharti yake: koti la kujiokolea, mjomba awe karibu na chombo kingine, na Julai kusi likivuma hakuna kwenda. Kijana amekubali mawili. La Julai bado wanabishana.