DAKTARI WA NYUMBANI: Vidonge vya Mke, Je, Vyamfaa Mume?

Ndugu mmoja wa Babati mjini atuandikia kwamba mwaka wa 4 wa ndoa yake wapita bila mtoto. Rafiki amshauri achomwe sindano za testosteroni. Mwingine amwambia ameze klomifeni aliyoandikiwa mkewe. Ashike lipi?

Ndugu, la sindano tulikatae kwanza. Testosteroni, homoni ya kiume, hutengenezwa katika korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ikitiwa kwa sindano, ubongo huona imezidi na kukata amri, nazo korodani huacha kutengeneza mbegu. Mtu hujisikia ana nguvu, kumbe mbegu zaisha! Kurudi kwake huweza kuchukua miezi 6, hata mwaka na zaidi.

La pili si upuuzi mtupu. Wengi hudhani estrojeni ni ya wanawake peke yao. Sivyo. Mwili wa mwanamume hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na kwa hiyo ubongo hujua kama homoni imetosha. Klomifeni, iliyopata kibali Marekani mwaka 1967 kwa wanawake wasiopevusha mayai, huziba pale ubongo unapopokea habari hiyo. Ubongo hudhani homoni imepungua, huzidisha amri, na testosteroni hupanda. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, huweza kufanya vivyo hivyo.

Lakini korodani zilizoharibika, kwa mfano kwa matumbwitumbwi ya ukubwani, hazitii amri hata ikizidishwa. Tena homoni yaweza kupanda na mbegu zisiongezeke. Kwa wanaume dawa hii haina kibali hicho; daktari huiandika kwa uamuzi wake baada ya vipimo. Huweza kutia ukungu machoni, na hapo huachwa mara moja. Kwa nadra hugandisha damu mishipani.

Basi mwachie mama vidonge vyake. Barua yako yasema yeye amepimwa mara 3. Yako wewe hatukuiona hata moja. Anza na kipimo cha mbegu, ukijizuia siku 2 hadi 7 kabla yake. Damu ya homoni hutolewa asubuhi, testosteroni ikiwa juu. Kipimo kikikosekana mjini, mwulize daktari kama yafaa akuandikie kwenda Dareda, Haydom au KCMC Moshi. Na ukipewa dawa usihesabu wiki: mbegu huchukua karibu miezi 3 kukomaa.