Mtoto wa jicho: upofu unaoweza kuondolewa

Wamama wapenzi, juma hili tuongee juu ya macho ya wazee wetu. Sisi walimu tunaliona jambo hili darasani: mtoto anaanza kukosa masomo, na tukiuliza tunaambiwa anamshika koko mkono. Koko akipofuka, na mjukuu anaacha shule.

Mtoto wa jicho ni nini? Nyuma ya mboni nyeusi kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Uzeeni kioo hicho kinaingia ukungu polepole, bila maumivu. Mtu anaona kama kupitia moshi, jua linamsumbua, hawezi tena kuchambua mchele ao kutambua noti za franka. Kisukari ao pigo la jicho vinaweza kuuleta mapema. Mtoto mchanga pia anaweza kuzaliwa nao: ukiona weupe ndani ya mboni yake, mpeleke hospitali bila kungoja.

Hapa kwetu Tshopo kuna pia upofu wa mto, unaoletwa na nzi weusi wadogo wa kwenye maji ya kasi. Mectizan tunayogawiwa ni ya ugonjwa huo, haiondoi mtoto wa jicho. Ndiyo maana munganga wa macho lazima apime kwanza.

Matone, majani na miwani haviondoi mtoto wa jicho. Dawa yake ni operesheni. Munganga anatia ganzi, anatoa kioo kilichochafuka na kuweka kingine cha plastiki kinachobaki humo maisha yote. Njia hiyo aliianzisha munganga Harold Ridley huko London mwaka 1949. Mara nyingi kazi haifiki saa moja, na wengi wanarudi nyumbani siku ileile. Kisha ni kutia matone kama ilivyoandikwa, kutosugua jicho, kutooga mtoni. Jicho likiuma sana ao likianza kuona vibaya, arudi siku hiyohiyo.

Kazi ya juma hili: mwambie koko afunike jicho moja. Simama hatua nne mbele yake, onyesha vidole, ahesabu. Kisha jicho la pili. Akishindwa, mpeleke kituo cha afya wamwelekeze kwa munganga wa macho. Na kama feza ndiyo kizuizi, kikundi kifikirie zamu moja ya likelemba kwa ajili ya macho. Koko akiona tena, mjukuu anarudi darasani.