Damu Safi Si Hoja

Wengi wetu tulifundishwa kwamba figo ikiharibika, urea na kreatinini huongezeka katika damu. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli ifikayo kwa kuchelewa. Figo ina akiba kubwa: sehemu iliyo nzima hubeba mzigo wa ile iliyokufa, na takriban nusu ya uwezo wake yaweza kupotea kabla damu haijaonyesha badiliko la kuaminika. Mtafiti ampaye panya dawa mpya, akaridhika na damu peke yake, aweza kuipitisha sumu akidhani ni dawa.

Mkojo hausubiri hivyo. Gentamisini, iuayo bakteria, na sisplatini, itibuyo saratani, zote huweza kudhuru chembe hai za vifereji vya figo. Chembe hizo zikiumia hutengeneza kwa wingi protini iitwayo KIM-1, iliyotangazwa mwaka 1998, ambayo katika figo nzima haionekani ila kidogo mno. Sehemu yake ya nje hukatika ikachukuliwa na mkojo. Mwaka 2008 wakaguzi wa dawa wa Marekani na Ulaya walikubali protini saba za mkojo wa panya, KIM-1 ikiwamo, zitumike pamoja na vipimo vya zamani. Kwa maoni yangu panya naye alinufaika: mnyama yule yule hufuatiliwa siku baada ya siku bila ya kuchinjwa (ingawa kizimba chenye sakafu ya wavu si mahali pa starehe).

Hata hivyo mkojo nao huweza kutudanganya. Panya aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi. Ndiyo sababu protini hulinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo. Tena panya dume, hata akiwa na afya, hutoa protini nyingi itokayo katika ini lake, ambayo binadamu hana. Kemikali fulani huishika protini hiyo, ikajazana katika vifereji na kuviumiza. Madhara ya namna hiyo hayamhusu mwanadamu.

Basi mwalimu afikapo somo la utoaji takamwili asiishie kwenye urea. Awaulize wanafunzi wake: panya kumi wamepewa dawa, damu yao ni safi, mkojo wao umejaa KIM-1, je, dawa hiyo apewe mtu? Mimi nisingekubali.