Mikopo ya 10% imerudi Dar: Inajenga vikundi au foleni tu?

Ukienda ofisi ya kata Dar es Salaam kuulizia mtaji, jibu ni lilelile: tafuteni wenzenu, undeni kikundi, kisajilini, fungueni akaunti, halafu ombeni.

Pesa zenyewe zipo kisheria. Tangu 2018, kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Ilikwama wapi?

Aprili 2023 Serikali iliisitisha. Ripoti za CAG zilikuwa zimeonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, yaani jina lipo kwenye karatasi, biashara haipo.

Mwaka 2024 mikopo ikarudi. Safari hii halmashauri 10, likiwemo Jiji la Dar es Salaam na Jiji la Dodoma, zilipangwa kuanza majaribio ya kuitoa kupitia benki. Nyingine zikabaki na utaratibu wa halmashauri wenyewe, ila ulioboreshwa.

Benki inaweza kuziba mianya ya upigaji. Lakini tatizo la pili haliwezi: vikundi vingi vinazaliwa kwa sababu ya mkopo.

Mama lishe, fundi cherehani na muuza mitumba wanaweza kujikuta kikundi kimoja kwa kuwa tu fomu inataka hivyo. Mkopo ni wa kikundi, kwa hiyo mmoja akiingia mitini, wenzake ndio wanabaki na deni. Na hata wakimaliza kulipa, hakuna kinachowaunganisha tena.

Kwa nini hili ni muhimu?

Kwa sababu mtaji siyo shida pekee ya mfanyabiashara mdogo. Oktoba 2021, machinga wa Dar walipoondolewa pembezoni mwa barabara, waliokuwa na mkopo na wasiokuwa nao walihama pamoja. Mkopo haukuwa kinga. Kilichohitajika ni chombo cha kukaa mezani na kujadili: tunahamia wapi, wateja watafika vipi, ushuru utakuwa kiasi gani.

Kariakoo inaonyesha upande wa pili. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kodi na kamatakamata, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Walisikilizwa kwa sababu walisimama pamoja. Ila Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Maana yake, kusikilizwa siku moja hakutoshi bila mazungumzo ya kudumu.

Hapo ndipo Jiji lina nafasi. Lingeweza kuanza na umoja ambao tayari upo: wa soko, wa mtaa, wa kijiwe cha bodaboda. Hawa wanafahamiana, wana viongozi waliowachagua wenyewe na wanajua nani halipi. Kuwapa mkopo ni hatua ya kwanza. Kuwaita kabla ya kuhamisha soko au kupandisha ushuru ni hatua ya pili, na haihitaji hata asilimia moja ya mapato.

Kwa sasa, kama unaitwa kujiunga na kikundi ili mpate mkopo, jiulize swali moja kabla ya kusaini: pesa isipotoka, bado mtakutana?