Likizo shambani: maziwa ya mtoto yachemshwe kwanza

Shule zinapofungwa mwezi Juni, baadhi ya familia za mjini hupanda milima ya Usambara hadi Lushoto, mkoani Tanga, kukaa siku chache kwa wenyeji wenye shamba. Watoto waliozoea maziwa ya pakiti humwona ng'ombe akikamuliwa, huchuma mboga, na baridi huwalaza mapema.

Asubuhi mwenyeji huleta kikombe cha maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo, bado yana povu. Kwake hiyo ni heshima kwa mgeni. Mzazi hubaki njia panda: akikataa, ataonekana ana maringo, akikubali, mtoto atakunywa maziwa mabichi.

Uvuguvugu wa maziwa hayo ni joto la mwili wa ng'ombe, na hauui vijidudu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, bakteria wanaosababisha kuhara damu, na brusela, ambayo wafugaji huiita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe mwenye vijidudu anaweza kuonekana mzima kabisa. Mtindi nao si salama ikiwa maziwa yaligandishwa bila kuchemshwa.

Brusela haijitokezi siku ileile. Mara nyingi dalili huanza wiki 2 hadi 4 baadaye, mtoto akiwa amesharudi darasani: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo. Ni rahisi kudhani ni malaria au taifodi, na mtoto akapewa dawa zisizotibu ugonjwa wake. Matibabu sahihi ni antibiotiki zaidi ya moja, kwa kawaida kwa wiki 6 au zaidi.

Kwa hiyo mtoto akipata homa baada ya safari, apelekwe kituo cha afya akapimwe, malaria ikiwemo. Daktari aambiwe mtoto alikuwa wapi, alishika wanyama gani na alikunywa nini. Maelezo hayo yanaweza kumfanya daktari afikirie kipimo cha brusela mapema.

Kinga ni moto na sufuria: maziwa yachemke mpaka yapande, kisha yawekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani.

Na mwenyeji aambiwe nini? Maneno machache ya adabu yanatosha: "Shikamoo mama. Tunashukuru sana kwa maziwa. Naomba nikusaidie kuyachemsha, matumbo ya hawa watoto hayajazoea."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzazi asingoje siku ya tatu. Aombe kazi ya kuchemsha maziwa ya nyumba nzima tangu asubuhi ya kwanza. Hapo hata watoto wa mwenyeji watakunywa maziwa salama.